Mkwe wa Uongo

Haya, turudi barazani kwa Mama Khiroda. Wiki iliyopita nilimwacha Daroga Tarini Shikdar, ofisa wa polisi wa hapa, akivua viatu mlangoni, na nimesikia wapo wasomaji walionitukana kwa hilo. Matusi nimeyapokea. Sasa sikilizeni.

Daroga alivua kiatu cha pili, akanawa mikono, akaketi kwenye jamvi uso kwa uso na Anukul.

"Mama," akasema, "leo ni sikukuu ya wakwe. Na mimi ni mkwe wa watu, ila mama mkwe wangu keshakufa. Hutaninyima sahani?"

"Siku kama ya leo hata adui hafukuzwi, Bwana Daroga," Mama Khiroda akajibu. "Sembuse wewe."

"Umesikia, bwana mkwe?" Daroga akamgeukia Anukul, akacheka. "Mama ananiona afadhali kidogo kuliko adui."

Anukul akacheka pia. Alilazimika.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, kijana huyu si mkwe wa mtu yeyote. Ni Anukul Rakshit, aliyeacha chuo Dhaka akaingia Chama, kile cha siri kinachopigana na Mzungu, na mwezi uliopita akamfyatulia risasi mkuu wa polisi Mzungu katikati ya stesheni. Mkwe halali wa nyumba hii ni Haripada Nandi, karani wa kinu cha mpunga huko Rangoon. Hapa kijijini Kalmidanga hakuna anayeijua sura yake, kwa sababu harusi ilifanyika kwa mjomba, mbali na hapa. Nihar, mke wa Haripada, ni mtu wa Chama kwa siri. Ndiye aliyempenyeza Anukul nyumbani asubuhi ile, maana siku ya sikukuu ya wakwe mwanamume mgeni akipita na chungu cha mtindi mkononi hakuna anayemuuliza aendako.

Mama Khiroda, mama yake Nihar, alikubali huku akilia. "Usiniambie jina lake," alimwambia binti yake. "Wakiniuliza, nisiwe na la kuwaambia."

Hivyo ndivyo walivyokaa. Anukul akitambuliwa, kamba ni yake, na wanawake hawa wawili watakwenda kuozea jela. Na mtu aliyekuja kumtafuta alikuwa anasubiri kuwekewa wali.

Mama Khiroda akapakua. Dengu, biringanya za kukaanga, uduvi katika tui la nazi. Yeye ni mjane, hali samaki wala hagusi kitunguu, lakini vyakula hivyo vyote alivipika kwa mkono wake tangu alfajiri.

"Mvua imeanza Rangoon?" Daroga akauliza huku akikanda tonge.

"Ilianza kabla sijapanda meli," Anukul akasema. "Kule mvua haibishi hodi."

"Na kazi?"

"Kuandika, kufuta, kutukanwa na Mzungu, kuandika tena."

"Hata mimi," Daroga akasema. "Tofauti yetu ni kwamba mimi nimepewa sare."

Nihar alikuwa nyuma ya mlango, ncha ya sari imemfunika uso kama ipasavyo. Aliushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mpaka hapo Anukul alijibu vizuri, na moyo wa dada yule ukaanza kutulia.

Ulitulia mapema mno.

"Mama, umepata habari ya msiba?" Daroga akauliza, kama mtu anayetafuta la kuzungumza. "Mwalimu Ishan Rakshit wa Bakultala amefariki alfajiri ya leo."

"Jamani!" Mama Khiroda akaweka upawa chini. "Mwalimu Ishan? Yule aliyetoa ushahidi dhidi ya kaka yake mwenyewe kwa ajili ya mpaka wa shamba?"

"Huyo huyo. Kaka akapoteza shamba, na Mwalimu akapoteza kaka, lakini uongo hakusema. Alinifundisha hesabu, Mama. Fimbo zake mgongo wangu unazikumbuka mpaka leo."

"Kafa na nini?"

"Kifua. Maiti imelazwa uani pale kwake, kuni ziko tayari, na moto hauna wa kuuwasha. Mtoto alikuwa naye mmoja tu wa kiume. Mhuni mmoja hivi, anaitwa Anukul." Daroga akatia tonge kinywani, akatafuna taratibu. Macho yake hayakuwa kwa Mama Khiroda. "Sijui yuko wapi leo. Sijui kama habari imemfikia."

Msomaji, mimi simpendi daroga huyu na sitajifanya kumpenda, lakini si mjinga. Ni Mbengali kama sisi. Mzungu angekuja na bunduki. Huyu alikuja na tonge, siku ambayo kila mkwe wa kiume nchini Bengali ana samaki mbele yake, akaleta habari ya kifo cha baba.

Kwetu mwana akifiwa na baba, siku ile ile samaki na nyama vinakuwa haramu kwake. Atakula wali mkavu mara moja kwa siku, hatanyoa, hatavaa kiatu, mpaka ibada zote za marehemu ziishe. Hata mwizi hufuata. Hata wale vijana wa mjini wanaojidai hawana dini, wakifiwa hurudi nyumbani pekupeku. Mwana anayekula samaki baba yake akiwa hajachomwa, huyo hata mbwa wa mtaani atamkwepa.

Na Mama Khiroda, ambaye jina la mgeni wake hakutaka kulijua, akainua bakuli lililofunikwa, akalifunua mbele ya Anukul. Ndani kilikuwa kichwa cha samaki wa rui, kikubwa, kimekolea mchuzi wa haradali. Kichwa hicho siku ya leo hawekewi mtu mwingine ila mkwe.

"Kula, mwanangu," akasema kwa upole. "Kula kabla hakijapoa."

Anukul akakitazama kichwa, na kichwa kikamtazama yeye.

Baba amekufa. Ndilo neno pekee lililokuwa kichwani mwake. Baba amekufa, yuko peke yake uani, na mimi nimeketi hapa nimefungwa mkononi uzi wa manjano wa wakwe kwa ajili ya ndoa ya mtu mwingine.

Mama yake alifariki akiwa mdogo. Baba ndiye aliyemlea, na samaki wa ilish ana miiba kama nywele, basi kila siku ya ilish Mwalimu Ishan alikaa na sahani mbili, akachambua miiba yote ya mwanawe kwanza kwa ncha za vidole, ndipo akala chake kilichopoa. Aliendelea hivyo mpaka Anukul akaota ndevu. Watani wake wa shule walimcheka. Na yeye alimwona baba anamwaibisha.

"Mbona huli?" Daroga akauliza.

"Nasubiri kipoe."

"Mama anasema kisipoe, wewe unasema kipoe. Watu wa Rangoon mna taabu."

Nyuma ya mlango Nihar aliziba kinywa kwa ncha ya sari. Yeye alimjua mgeni wake ni nani na baba yake ni nani. Alitaka kutoka, aseme lolote, amwage mchuzi, apige kelele kwamba jiko linaungua. Akabaki pale pale nyuma ya mlango.

Kama Daroga ni mwongo, Anukul akawaza, nikiacha kula nimekufa bure. Kama ni mkweli, nikila nimemla baba. Na hawa wanawake?

Akanyoosha mkono, akakishika kichwa cha samaki, akakivunja.

Alikula shavu, kisha ulimi, akafyonza jicho la kulia kama mtu aliyelelewa kando ya mto, akalitema gamba lake jeupe pembeni mwa sahani. Mchuzi ukamchuruzika hadi kiwikoni. Haradali ilimsaidia, maana machozi yaliyotoka yangeweza kuwa ya ukali wake.

"Mama," akasema, "pilipili mbichi hakuna?"

"Ipo, mwanangu, ipo!" Mama Khiroda akamletea, uso umemchangamka kwa furaha ya mpishi aliyesifiwa. Masikini mama yule.

Daroga alikuwa ameacha kutafuna. Alivitazama vidole vya Anukul, akalitazama koo lake kila alipomeza, akasubiri. Anukul akauma pilipili, akalikamua jicho la pili, akafyonza mifupa mpaka ikalia. Kisha akapangusa sahani kwa tonge la mwisho.

"Hivi ndivyo vitu tunavyovikosa kule," akasema.

Daroga akashusha pumzi ndefu. Mabega yake yalilegea, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kawaida aliyechoka na joto.

"Nisamehe, bwana," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikudhania mtu mwingine. Niliambiwa kuna kijana mgeni hapa, na kazi yangu ndiyo hii, kuharibu chakula cha watu."

"Hujaharibu kitu," Anukul akasema.

Wakasukutua vinywa. Mama Khiroda akaleta tambuu, na Daroga akatafuna, akamsifu kwa uduvi, akamwombea heri kwa mkwe wake. Akaenda mlangoni kuvaa viatu. Anukul alisimama kumsindikiza kama desturi inavyotaka, anahesabu kwamba akifika tu nyuma ya migomba atatapika yote na kumlilia baba yake mpaka sauti ikauke.

Daroga akavaa kiatu kimoja.

Na hapa, msomaji, ndipo Nihar alipotoka nyuma ya mlango kuondoa vyombo.

Usimlaumu. Dada huyu alishawahi kuvuka kizuizi cha polisi amekalia baruti kwenye machela ya bibi harusi, akawa anawapungia mkono. Woga haumjui. Lakini saa ile akili yake yote ilikuwa kwa kijana aliyefiwa, na mikono ilifanya ilichofundishwa na mama yake tangu utotoni, kwamba makombo ya mwanamume asiye wako ni uchafu. Akazikusanya sahani ya Anukul na ya Daroga pamoja, akayamwaga makombo yote kwa mbwa pale chini ya mfenesi, akarudi na tope la samadi na maji kupaka sakafu mahali walipokaa ili pawe safi tena.

Daroga alikuwa ameinama, kiatu cha pili mkononi. Hakuinuka.

"Bibi," akasema.

Nihar akasimama.

"Mume wako katoka Rangoon. Hujamwona tangu lini?"

"Miaka miwili," akajibu kutoka ndani ya sari.

"Miaka miwili. Na makombo yake unampa mbwa?"

Nihar akaitazama ile sahani tupu ya Anukul aliyoiweka kando, na damu yote ikamtoka usoni. Mke wa kwetu hula katika sahani ya mume wake, juu ya yale aliyoyaacha. Siku ya kawaida labda atasahau. Siku ya sikukuu, mume akiwa ametoka ng'ambo, hata kama wamegombana, haiwezekani.

"Mke wangu mimi," Daroga akaendelea taratibu, "hatusemezani tangu sikukuu ya Kali. Ananinunia mpaka paka wetu ananinunia. Lakini sahani yangu anailia."

"Nimefunga," Nihar akasema.

"Tumbo linamsumbua," Mama Khiroda akasema wakati ule ule.

Maneno mawili yakagongana hewani.

Daroga akakivua tena kile kiatu kimoja.

"Anafunga na tumbo linamsumbua," akasema. "Mfungo wa leo hufungwa na wenye watoto, bibi. Wewe mtoto wako yuko wapi?"

Anukul akasogea mbele. "Bwana Daroga, mke wangu ana haya. Tumekaa mbali muda mrefu, bado hatujazoeana. Sasa na wewe mgeni umesimama hapo unamkodolea macho, atakula vipi?"

Lilikuwa jibu zuri. Nafikiri dakika moja kabla, lingetosha.

"Inawezekana," Daroga akasema. "Inawezekana kabisa. Ndiyo maana sikuja na mtego mmoja." Akatoka hadi ukingo wa baraza, akaweka mikono mdomoni, akaita kuelekea gatini. "Oya! Mleteni Mwalimu juu!"

Anukul hakuelewa. Alisikia neno Mwalimu, akaona askari mmoja akipanda ngazi za udongo kutoka mtoni, na nyuma yake mwavuli mweusi, na chini ya mwavuli mzee mwembamba aliyejifunga kiunoni dhoti safi yenye kiraka, anapanda polepole huku akishika goti.

Baba yake.

Yu hai. Anatembea. Anahema kwa sababu ya ngazi, na si kwa kingine.

Furaha ilimpanda Anukul kwa nguvu mpaka akalazimika kuishika nguzo. Alitaka kukimbia, aanguke miguuni pa mzee, amkumbatie magoti yale mabovu. Akabaki ameishika nguzo. Akajipa sura ya mtu anayemtazama mzee mgeni, na kati ya yote aliyoyafanya siku ile, mimi naona hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Daroga aliinama, akagusa miguu ya Mwalimu Ishan kwa heshima ya kweli.

"Nisamehe, Mwalimu. Leo nimekuua kidogo."

"Umenifanya nini, Tarini?"

"Nilimwambia bwana huyu kwamba umefariki. Nikamtazama. Akala kichwa cha rui chote, akaomba na pilipili."

Mwalimu Ishan akafunga mwavuli. Hakumtazama Anukul kwanza. Alitazama mifupa ambayo mbwa alikuwa akiivunja chini ya mfenesi, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua macho.

Mwaka mzima walikuwa hawajaonana. Anukul alikuwa amekonda, amefuga masharubu, nywele amezichana kwa upande mwingine. Lakini ni baba gani atakayedanganywa na masharubu?

"Umenitoa nyumbani kwenye jua hili kwa ajili ya mtu anayependa samaki?" mzee akauliza.

Anukul alikuwa karibu kucheka, karibu kulia.

"Nataka neno moja tu, Mwalimu. Huyu ni mwanao?"

Mzee akafungua kinywa, na Daroga akainua mkono.

"Ngoja. Mama, chumba cha ibada kina maji ya Ganga?"

Mama Khiroda akatikisa kichwa, si kwa kusema hayapo, bali kwa kukataa. "Usifanye hivyo nyumbani kwangu. Siku kama ya leo?"

"Yalete, Mama, au nitaingia mwenyewe na viatu."

Akayaleta. Lilikuwa bakuli dogo la shaba, ndani yake maji ya Ganga, mto wetu mtakatifu, na jani la mtulsi, ule mrehani wa ibada, likielea juu. Sisi sote tunajua maana ya vitu hivyo vitatu vikikaa mkononi. Mtu akisema uongo akivishika, basi mahakama ya Mzungu inaweza kumsamehe, lakini upande wa pili hakuna wa kumsamehe, si yeye, si mababu zake, si watakaozaliwa baada yake.

"Tangu lini nimehitaji kuapa?" Mwalimu Ishan akauliza. "Neno langu peke yake halikutoshi?"

"Siku nyingine yoyote lingenitosha."

Mzee akapokea bakuli. Akamgeukia Anukul.

"Kijana. Baba yako anaitwa nani?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza mtu analoulizwa na kila mzee, na Anukul alikwisha kuliandaa jibu tangu juzi. Hakuwahi kufikiri kwamba atalitoa mbele ya uso ule.

"Nibaran Nandi," akasema. "Wa Bajitdanga."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Umtunze," mzee akasema. "Usimwache akazeeka peke yake."

Nihar alikuwa amegeuka ukutani. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na alijikaza yasitikisike.

"Mwalimu," Daroga akasema. "Sema."

Hebu fikiri. Mtu huyu kwa ajili ya mpaka wa shamba alisimama mahakamani akatoa ushahidi dhidi ya kaka wa tumbo moja. Kaka alikufa hajasema naye tena. Alikuwa na ukweli wake tu, kakaa nao maisha yake yote, na ndio uliomlaza usingizi kila usiku. Daroga alijua hivyo. Alimchagua kwa sababu hiyo.

Anukul alijua hivyo pia. Akaanza kuagana moyoni na kila kitu, kimoja kimoja. Wala hakumkasirikia baba yake. Alijisemea, akisema ndiye, atakuwa Mwalimu Ishan yule yule, na mimi nitakwenda kwenye kamba nikiwa mwana wa mtu asiyesema uongo.

Mzee akainua bakuli mpaka kifuani.

"Kwa shaba hii," akasema, "na kwa mtulsi huu, na kwa maji ya Ganga. Huyu si mwanangu. Sijapata kumwona."

Daroga Shikdar alisimama akimtazama mwalimu wake. Kisha, pole pole, akavua kofia.

"Mtu mwingine yeyote angeapa hivyo ningecheka," akasema. "Lakini wewe nikikushuku, Mwalimu, basi duniani sina tena wa kumwamini." Akamgeukia Anukul. "Bwana Haripada, nimekukosea mara mbili kwa mlo mmoja. Mara ya tatu sitarudi. Jina lako nitalifuta mwenyewe, na mtu aliyenipa habari nitampa bakora."

"Nimesamehe," Anukul akasema. Hakujua sauti imetoka wapi.

"Na wewe bibi," Daroga akasema kwa Nihar, huku akivaa viatu, vyote viwili safari hii, "mzoee mumeo. Rangoon ni mbali. Mama, uduvi wako sitausahau. Mwalimu, pumzisha goti, nakusubiri mashuani."

Akashuka barazani, akakatiza ua, akashika njia ya gatini. Askari akamfuata.

Mama Khiroda aliketi chini pale pale alipokuwa, kama mtu aliyekatwa miguu. Alikuwa amekwisha kuelewa yote, nani ni nani, na alichomlisha kijana yule na kwa saa ipi. Alianza kulia bila sauti. Nihar alicheka na kulia pamoja, akakaza ngumi mdomoni. Anukul aliiachia nguzo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi hewa ikimfika tumboni. Nitaishi, akawaza. Nitamwona tena. Leo usiku nitavuka mto, na siku moja nitarudi Bakultala kwa njia ya mbele, nitamchambulia mimi miiba.

Ni mzee peke yake aliyekuwa hajasogea.

Bado alikuwa ameshika bakuli. Alijaribu kuliweka juu ya ukingo wa baraza, mkono ukafika nusu ya njia, ukarudi. Alitazama ndani ya maji yale. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtu aliyetoka nyumbani akasahau kufunga mlango, na nyumba ndiyo hiyo iko mbali.

"Baba," Anukul akanong'ona. "Baba, liweke chini. Yamekwisha."

Mwalimu Ishan akamtazama mwanawe kwa mapenzi yote ambayo hakupata kuyasema kwa mdomo.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani ningeweza."

Akageuka kabla hawajamwahi. Goti lake bovu lilimbeba haraka kuliko ilivyotarajiwa, akavuka ua bila mwavuli, bakuli la shaba kifuani, maji yakimwagikia dhoti. Nihar alimrukia, akashika upepo. Kule chini Daroga alikuwa amekwisha kuweka mguu ndani ya mashua.

Mzee akasimama juu ya ngazi, akaita kwa sauti ile ile aliyoita nayo darasani miaka yote, sauti ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyeweza kujifanya hakuisikia.

"Tarini! Rudi hapa. Nimeapa uongo."